Uzi maalumu: Msprusi, aina zake, tabia zake na mahali pa kuupanda nyumbani (kwa walio nchi za baridi)

#1 Kitalu

Wakuu, habari za humu.

Nafanya kazi ya bustani na miti huku Minnesota. Ndugu zetu wengi wakishanunua nyumba hunipigia simu na ombi lile lile: nitafutie ule mti wa krismasi wa buluu, nataka niupande mbele, karibu na mlango. Nimeona nifungue uzi, maana msprusi ni mti wa miaka mingi. Ukiupatia mahali pake, wajukuu wataukuta. Ukiubana ukutani, utakuja kulipa watu wenye kreni wauondoe.

Kwanza tuujue wenyewe. Misprusi ni jenasi ya Picea, ndugu wa misonobari. Iko spishi zaidi ya 30, zote za nusu ya kaskazini ya dunia, kuanzia misitu ya Kanada, Skandinavia na Siberia hadi milima ya China na Rocky za Marekani. Haipukutishi majani wakati wa baridi. Sindano moja, yaani jani lake jembamba, hukaa mtini miaka kadhaa ndipo idondoke, kwa hiyo mti unabaki kijani hata theluji ikifika magotini.

Namna ya kuutambua: chuma sindano moja, iviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikizunguka vizuri, ina pembe nne, na huo ni msprusi. Ikigoma kuzunguka kwa kuwa ni bapa, huenda ni mfiri (Abies). Ukikuta sindano zimefungana mbili, tatu au tano kwenye shina moja dogo, huo ni msonobari. Halafu tafuta kijitawi kilichokwisha kupukutika, upitishe kidole. Cha msprusi kinakwaruza kama tupa, kwa sababu kila sindano huacha kijiguu chake pale ilipokuwa imekaa. Cha mfiri ni laini. Koni nazo, vile vifuko vya magamba vyenye mbegu, hazidanganyi: za msprusi zinaning'inia kuelekea chini na hudondoka nzima, za mfiri zinasimama wima na kupukutisha magamba yake zikiwa bado juu ya mti.

Tahadhari moja: msprusi wa Serbia na ule wa Sitka sindano zake zimebonyea, hazizunguki kidoleni vizuri. Hapo tumia kile kijitawi na koni.

Sasa aina mtakazozikuta kwenye vitalu vya miche:

Msprusi wa Norwei (Picea abies). Huu ndio mkubwa wa bustani za Ulaya na mashariki mwa Marekani. Unakua haraka kuliko wenzake wengi, kwao Ulaya unapita mita 40, na koni zake ni ndefu kuliko za misprusi yote, sentimita 9 hadi 17. Mti ukishakomaa, vijitawi vinaning'inia kutoka kwenye matawi makubwa, unakuwa na haiba ya pekee. Mti wa Krismasi ambao mji wa Oslo huwapelekea watu wa London kila mwaka tangu 1947, ukasimamishwa Trafalgar Square, ni wa aina hii.

Msprusi wa buluu (Picea pungens). Kwao ni milima ya Rocky, na ni mti rasmi wa jimbo la Colorado. Ule ubuluu ni nta iliyopaka sindano. Ukiisugua kwa kidole inatoka, na chini yake unaona kijani cha kawaida. Sindano zake zinachoma kweli kweli. Huu nitaurudia, una mambo yake.

Msprusi mweupe (Picea glauca). Mti wa Kanada yote na kaskazini mwa Marekani, unavumilia baridi kali kupindukia. Ukisaga sindano zake mkononi harufu yake si nzuri. Una aina yake ndogo iitwayo Black Hills, kutoka South Dakota, ambayo hukua taratibu, imeshonana, na rangi yake ni kijani iliyoiva. Kama mtu wa Minnesota ataniuliza apande upi, jibu langu la kwanza ni huo.

Msprusi wa Serbia (Picea omorika). Mwembamba, mrefu, sindano zina mistari myeupe upande wa chini, na upepo ukipita mti mzima unametameta. Ulitambulishwa kwa wanasayansi na Josif Pančić mwaka 1875, na kwao ni eneo dogo tu la bonde la mto Drina, kati ya Serbia na Bosnia. Unavumilia hewa ya mjini, na upana wake hauzidi sana mita 5 au 6. Kwa kiwanja kidogo, kwangu mimi huu ndio mti bora kuliko yote ya jamii hii, na inaniuma kuona vitalu vingi haviuweki.

Ulizeni.

#2 Mwana_Mufindi

Mkuu Kitalu, asante kwa darasa. Mimi niko Mafinga. Hiyo miti mbona ni kama yetu ya shamba la miti la Sao Hill? Na je, mbegu zake nikiletewa, huku kwetu kuna baridi ya kutosha, zitaota?

#3 Kitalu

Ndugu yangu wa Mufindi, ile ya Sao Hill ni misonobari, hasa Pinus patula ambayo asili yake ni Meksiko, pamoja na mikaratusi. Ukiangalia sindano za patula utaona zimekaa vifungu vifungu, tena ndefu na zinaning'inia. Na ule "mti wa krismasi" unaouzwa barabarani Dar na Nairobi mwezi wa 12 mara nyingi ni msaiprasi.

Kuota mbegu zinaweza kuota. Shida ni urefu wa mchana. Msprusi wa kaskazini unapimia majira kwa mchana: siku zikiwa ndefu unakua, zikianza kufupika unafunga machipukizi yake na kujiandaa kwa baridi. Mufindi mchana hauendi mbali na saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mche unapata ishara ya kulala wakati wenzake wa Ulaya wangekuwa wanarefuka. Baridi ya Mafinga ni baridi, lakini si majira ya baridi. Endelea na patula, ndugu, unakupa mbao.

#4 Mama_Salma

Kaka Kitalu, shikamoo ya mtandaoni. Mimi niko Columbus, Ohio. Tulipohamia tulikuta misprusi ya buluu mitatu mbele ya nyumba, mirefu, mizuri ajabu. Sasa inakauka kuanzia chini. Ndani ya matawi hamna kitu, sindano zimebaki nchani tu. Jirani anasema ni mkojo wa mbwa. Mtu wa kukata nyasi akasema tumwage mbolea. Mbolea tumeweka, hali ni ile ile.

#5 Kitalu

Marhaba dada. Hapa umegusa penyewe, nitaandika kwa urefu.

Msprusi wa buluu umezaliwa kwenye milima mikavu. Hewa ya Colorado ni kavu, umande unakauka mapema asubuhi. Ohio, Michigan, Illinois na huku kwetu Minnesota majira ya joto yana mvuke, sindano zinalala zimelowa, na kuvu wanapata wanachokitaka. Mti ukiwa mchanga una nafasi, upepo unapita, unakauka. Ukifika ukubwa na matawi yakishonana, ndipo ugonjwa unapoingia, na unaanzia chini ambako hewa imetulia. Ndiyo maana watu wanaona mti ulikuwa mzima miaka yote, halafu ghafla unabaki uchi kutoka chini kwenda juu.

Wako wakosaji wawili wakuu, na tiba zao si moja, kwa hiyo uchunguze kabla hujatoa pesa.

Wa kwanza ni kuvu aitwaye Rhizosphaera. Huyu anakula sindano. Anaziambukiza zikiwa changa, wakati wa kuchipua, lakini hazionyeshi kitu mpaka baadaye. Zinakuwa njano, kisha hudhurungi yenye zambarau, halafu zinadondoka. Matokeo yake ndiyo hayo unayoyasema: nchani kijani cha mwaka huu, ndani kitupu. Chukua sindano iliyogeuka rangi, tafuta lenzi ya mkono, itazame kwa urefu. Sindano nzima ina mistari ya vitundu vidogo vyeupe, ndiyo matundu ya kupumulia. Ukikuta badala ya weupe kuna nukta nyeusi zimepangana safu kwa safu, umempata.

Wa pili ni Cytospora. Huyu anakula gome. Tawi zima linakufa, sindano na kila kitu, moja huku na jingine kule, na kwenye gome unaona utomvu umechuruzika na kukauka ukawa mweupe mithili ya chokaa. Huwapata zaidi miti mikubwa iliyokwisha kudhoofika kwa ukame.

Kama ni Rhizosphaera: dawa ya kuvu yenye shaba, inapulizwa machipukizi yanapoanza kurefuka, kisha inarudiwa baada ya wiki tatu au nne. Fanya hivyo angalau miaka miwili mfululizo. Dawa inalinda sindano mpya tu. Tawi lililokwisha kuwa uchi halitarudisha sindano, na hakuna dawa wala mbolea itakayofanya hivyo. Kama ni Cytospora, dawa haipo. Kata matawi yaliyokufa siku kavu, safisha msumeno kila tawi, mwagilia mti wakati wa ukame.

Kwa vyovyote vile, geuza kile kinyunyizio cha nyasi kisirushe maji kwenye matawi. Nimekuta nyumba nyingi mno ambapo kinyunyizio kinalowesha mti kila usiku, na mwenye nyumba analipia dawa ya kuvu hapo hapo.

Mbolea acha. Na mbwa wa jirani hana hatia. Mkojo unaunguza pale pale ulipogusa, haupandi mita mbili juu kuzunguka mti mzima.

Ukifika wakati wa kuondoa mmoja, usirudishe buluu mahali pake. Weka wa Norwei kama nafasi ipo, au wa Serbia kama haipo.

#6 Mama_Salma

Nimetoka kuangalia na lenzi ya mwanangu ya shuleni. Nukta nyeusi, safu kabisa! Mungu akubariki. Na utomvu mweupe sijauona hata tawi moja.

#7 Kitalu

Basi una kazi ya majira ya kuchipua, dada. Mmoja ukiwa umebaki na nusu ya juu tu, uondoe, ili hii miwili ipate hewa.

#8 Papa_Bukavu

Habari zenu wandugu. Mimi ni Mkongomani, niko Manitoba, tumenunua kashamba nje ya Winnipeg. Upepo wa huku unaingia mpaka kwenye mifupa. Wazungu wa hapa wote wamepanda hiyo miti kwa mistari. Nataka kufanya kama wao, lakini sijui mistari mingapi, na iwe karibu namna gani na nyumba.

#9 Kitalu

Papa, karibu sana. Hii ndiyo kazi ambayo msprusi unaifanya kuliko mti wowote, na wewe uko mahali pake hasa. Msprusi mweupe ni mti rasmi wa Manitoba. Serikali ya Kanada iligawa miche ya kuzuia upepo kwa wakulima wa nyika kuanzia 1901 hadi 2013, na hiyo mistari unayoiona kwa majirani mingi ni matunda yake.

Kwa nini msprusi? Kwa sababu una matawi kutoka ardhini hadi kileleni na hayapukutiki wakati upepo unapouma. Msonobari ukizeeka unaacha shina tupu chini, upepo unapita kwenye miguu yako. Ndiyo maana nawasihi watu wasikate matawi ya chini ya msprusi eti wapate kupitisha mashine ya nyasi. Yakikatwa hayaoti tena, na ukuta wako umekuwa na mlango wa kudumu.

Upepo mbaya huko unatoka kaskazini na magharibi, kwa hiyo panda kwa umbo la L pande hizo mbili. Mistari ikingayo upepo inapunguza nguvu yake hadi umbali wa kama mara kumi ya kimo cha miti, lakini utulivu mkubwa uko karibu zaidi, kati ya mara mbili na mara tano. Mbona basi usiweke miti dirishani kabisa? Kwa sababu ya theluji. Upepo ukipungua nguvu nyuma ya miti unaangusha theluji yote uliyobeba. Ukipanda karibu, lundo lote litakuangukia mlangoni na kwenye njia ya gari. Kwa shamba, acha kama mita 30 kati ya mstari wa ndani na nyumba.

Mistari: mmoja unafaa kuliko kukosa, miwili au mitatu ni bora, na miche ipishane, isikabiliane. Kati ya mti na mti acha mita 4 au 5. Utaona ni mbali mno kwa mche wenye kimo cha magoti, na mkeo atakuuliza kama umeishiwa miti. Vumilia. Miti iliyobanana inaua matawi yake ya chini kwa giza, na hapo umepoteza kile ulichokipandia.

Na tafadhali usijaze aina moja. Mstari mmoja msprusi mweupe, mwingine changanya, hata vichaka vinavyopukutisha majani kwa nje. Ugonjwa ukija usikute karamu.

Upande wa kusini wa nyumba uache wazi. Jua la baridi liko chini sana, na msprusi hautoi majani kulipisha. Ukiupanda kusini mwa njia ya gari, barafu itakaa hapo muda mrefu baada ya wenzako kusahau.

#10 Mpare_wa_Göttingen

Kuhusu kutojaza aina moja, mimi ni shahidi. Niko Ujerumani, karibu na milima ya Harz. Misitu ya misprusi ya Norwei ilipandwa mlima kwa mlima, mti mmoja tu, hata mabondeni ambako si kwao. Ukaja ukame wa 2018 na miaka iliyofuata. Mti wenye maji hufukuza mdudu wa gome kwa kummwagia utomvu, mti wenye kiu hauna utomvu wa kutosha. Yule mdudu mdogo, Ips typographus, akaingia. Ukipanda mlima leo unaona magogo ya kijivu yamesimama hadi upeo wa macho, na chini yake miti ya majani mapana inaanza kuchipua yenyewe. Ukiondoa gome lililoanguka unakuta njia alizochimba, mfereji mmoja wima wa mama na vijifereji vya watoto vinatoka pembeni pande zote mbili, vinaongezeka upana kadiri mtoto alivyokuwa anakua.

Jingine ni mizizi. Msprusi mizizi yake inatambaa juu juu, hasa udongo ukiwa na maji. Sweden mwezi wa Januari 2005 tufani iitwayo Gudrun iliangusha mita za ujazo kama milioni 75 za miti, na mingi ilikuwa hii.

#11 Kitalu

Ahsante Mpare, hilo la mizizi ni la kuzingatia hata nyumbani. Ukiwa na msprusi mrefu peke yake kwenye udongo wa tope, usiuchimbie mtaro wa bomba karibu. Unakata kamba zinazoushikilia. Na ile mizizi ya juu juu ndiyo sababu nyasi hazioti chini yake. Watu husema sindano zinatia udongo tindikali. Sivyo. Ni kivuli kizito na mizizi inayonyonya maji yote. Usihangaike na chokaa, weka matandazo ya magome uache hivyo.

#12 Fidla_ya_Unguja

Wakuu mimi sina theluji wala kiwanja cha kupanda, ila nimefurahi kuuona mti huu unazungumziwa. Ubao wa juu wa fidla, ule wenye matundu mawili, ni msprusi. Gitaa nyingi nzuri na ubao wa sauti wa piano vilevile. Fidla zetu za taarabu karibu zote zimebeba kipande cha mti huu kifuani. Kwa nini wameuchagua huu?

#13 Kitalu

Mzee wa fidla, umenifurahisha. Ni mbao nyepesi sana lakini ngumu kupindika kwa urefu wake. Inaitika upesi kamba ikitikisika, haimezi sauti. Mti uliokua taratibu mlimani, baridi ikaufanya uongeze pete nyembamba zinazolingana kila mwaka, ndio wanaoutafuta. Mafundi wa fidla wamekuwa wakienda msitu wa Paneveggio, kaskazini mwa Italia, tangu zamani. Tazama fidla yako upande wa mbele: utaona mistari myembamba sambamba kutoka juu hadi chini. Kila mstari ni mwaka mmoja wa mti. Wepesi huo huo ndio uliowafanya ndugu Wright watumie msprusi kwenye ndege yao ya 1903.

#14 Neema_Saint_Paul

Kaka, mimi niko jirani yako. Kiwanja changu ni kidogo sana, mbele ya nyumba nina mita tatu tu. Lakini napenda mti wa kijani na swala wa huku (deer) wanamaliza kila kitu, vichaka vyangu vya thuja wamevitafuna hadi shina. Nifanyeje?

#15 Kitalu

Neema, swala hawapendi msprusi. Sindano zinachoma na ladha hawaitaki, labda njaa iwashike kweli mwishoni mwa baridi. Kwa mita tatu usiguse mti mkubwa wowote, hata wa Serbia. Chagua kati ya vibete viwili.

Kipo cha Alberta, kinaitwa 'Conica'. Ni msprusi mweupe uliogoma kukua, ulikutwa mwaka 1904 karibu na Lake Louise huko Alberta na wataalamu wawili wa miti. Umbo lake limechongoka kama koni bila kukatwa, na unarefuka sentimita 5 hadi 10 tu kwa mwaka. Usiuweke ukutani upande wa kusini, joto la ukuta na jua la baridi vinauunguza. Adui wake ni utitiri, ambaye hushamiri majira ya kuchipua na ya kupukutika, si wakati wa joto kali. Kumpima: shika karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge mara mbili tatu, subiri. Vumbi likianza kutembea, ndiye. Mpige kwa maji ya bomba yenye nguvu, toka chini kwenda juu, urudie kila siku chache. Na likichomoza tawi moja lenye sindano kubwa linalokimbia kuliko mengine, likate mapema mpaka shinani, maana linarudi kwenye asili yake ya mti mkubwa na litaumeza mti wote.

Cha pili ni 'Nidiformis', msprusi wa Norwei mfupi na mpana, katikati umebonyea kama kiota. Huo chini ya dirisha unakaa vizuri.

Kupanda: chimba shimo pana, mara mbili au tatu ya donge la udongo, lakini kina kisizidi donge. Fukua sehemu ya juu ya donge uone pale shina linapotanuka kuwa mizizi, hapo ndipo pawe usawa wa ardhi. Vitalu vingi hupafukia. Kata waya na gunia vilivyofunga donge kadiri unavyofikia, usiamini kwamba vitaoza. Matandazo sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Kisha mwagilia mpaka ardhi igande, hata kama mti unaonekana umelala. Wakati wa baridi upepo unaendelea kunyonya maji kwenye sindano na mizizi haiwezi kuchota kwenye ardhi iliyoganda, na kinachokuja kuonekana mwezi wa nne kuwa kimeungua kilikauka mwezi wa kwanza.

Panda mwisho wa Agosti au Septemba, au subiri udongo ukiyeyuka. Oktoba umeshachelewa kwa huku. Ukipata mche, weka picha ya shina hapa kabla hujafukia, nitakuonyesha pa kuishia.